Kilo Zilizoandikwa Bila Kusomwa

Mombasa, mgonjwa wa sukari ana sura yake inayojulikana. Ni mama wa makamo aliyejaa, bangili zimemkaba mkononi, ameketi barazani Kibokoni na miguu ameipumzisha juu ya kibao kwa kuwa imevimba. Au ni mzee mwenye kitambi anayekunywa kahawa chungu baada ya alasiri na kusingiziwa kashata alizozificha mfukoni mwa kanzu. Sote twamjua mtu huyu; ni shangazi yetu, ni jirani yetu, ni baba wa rafiki yetu. Hadithi yake nayo twaijua: alikula, akanenepa, sukari ikamshika. Mimi niliingizwa katika hadithi hiyo mwaka 2017, nikiwa na umri wa miaka 37 na uzito wa kilo 56, na ikapita miaka miwili na ushei kabla ya mtu kuuliza kama kweli ilikuwa hadithi yangu.

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka mbaya wa kuugua nchini Kenya. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Desemba 2016, hawakurudi hadi katikati ya Machi. Hata watu hawajapumua, wauguzi nao wakatoka mwezi wa Juni, wakakaa nje mpaka Novemba. Mwenye uwezo alikwenda hospitali za kulipia, asiye nao alijitibu au alisubiri. Sisi wa katikati tulipanda kwenye zile kliniki ndogo za ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu, zenye daktari mmoja, pazia la kijani, na maabara ya mtu mmoja na hadubini yake.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kupitisha mizigo ya bandari. Chupa kubwa ya maji niliyokuja nayo asubuhi haikufika saa nne. Usiku nilishuka zile ngazi zetu za mbao kwenda msalani mpaka mume wangu akaacha kuamka kuuliza kuna nini. Nguo zilinipwaya, na hapo buibui likafanya kazi ambayo halikushonewa: chini yake sketi imebanwa kwa pini pande zote, nje hakuna anayejua.

Waliojua ni wa nyumbani. Kukonda mjini kwetu kuna tafsiri tatu: mume mbaya, husuda, na lile gonjwa ambalo kwa miaka mingi watu hawakulitaja ila kwa kunong'ona. Mamangu alianza na la kwanza. "Mwanangu, mbona wakonda hivi? Mumeo akupa tabu?" Nilipomwambia hapana akahamia la pili, nikafukizwa na kusomewa. La tatu hakulitamka, lakini nilipokwenda kupimwa malaria alinisihi nipimwe "na hivyo vyengine vyote."

Vyengine vyote vilitoka salama. Sukari ilitoka 17.4, na kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, ikifika 7 tu tayari inaitwa kisukari. Daktari alikuwa mtu mpole, hana haraka, na sina kinyongo naye. Aliniangalia umri wangu kwenye karatasi, akaeleza kwamba sukari ni za aina mbili: aina ya kwanza ya watoto, aina ya pili ya watu wazima. Mimi mtu mzima, basi yangu ni ya pili. Akaandika hivyo kwenye daftari nililonunua duka la chini. Wasioijua Kenya wajue kwamba kumbukumbu za mgonjwa wa kawaida huku zimo katika daftari la shule la kurasa chache, ambalo mgonjwa hulibeba mwenyewe kila aendako. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ulikuwa na jina langu, tarehe, uzito, sukari, na ile namba 2.

Nikapewa metformini, na baada ya muda nikaongezewa glibenklamaidi. Jambo la ajabu ni kwamba mwanzo dawa zilifanya kazi. Sukari ikashuka hadi 9, hata 8. Nikarudi kulala usiku kucha. Nyumba nzima ilifurahi, na yule daktari alifurahi, na namba 2 ikathibitika machoni petu sote. Nimekuja kujua baadaye kwa nini. Glibenklamaidi hulichapua kongosho litoe insulini, na kongosho langu wakati huo lilikuwa bado lina akiba. Kidonge kilikuwa kikikamua akiba iliyokuwa ikiliwa upande wa pili.

Ilipofika mwaka 2018 akiba ikaanza kuisha. Sukari 12. Kisha 15. Kisha 19. Na hapa ndipo panaponifanya niandike, kwa sababu nimefikiria sana kwa nini kosa dogo la ukurasa wa kwanza lilidumu namna ile. Katika magonjwa mengine dawa isipofaa, daktari hushtuka: huenda si ugonjwa huu. Katika sukari hashtuki mtu. Kuna mshtakiwa aliye tayari, naye ni mdomo wa mgonjwa. Kidonge kikishindwa, swali linalofuata si "je, tumekosea?" bali "wala nini?"

Niliulizwa wala nini na daktari, na muuguzi, na mume, na mama mkwe, na mwuza mboga wa Marikiti. Nilikuwa nimeacha mahamri. Nimeacha wali wa nazi, nimeacha viazi karai, nimeacha tende hata. Chakula changu kilikuwa mchicha, samaki wa kuchoma na kipande cha mkate wa mofa wa mtama, na bado mashine iliandika 19. Muuguzi mmoja akafunga daftari, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, ukitudanganya sisi wajidanganya mwenyewe." Nikirudi nyumbani nilikuta mbegu za uwatu zimerowekwa, juisi ya karela iko mezani, habasoda imesagwa, na mwarobaini umechemshwa kwa siri kwa sababu mamangu alijua siupendi. Vyote nilivinywa. Sukari haikujali.

Harusini ndiko kubaya zaidi. Nenda harusi ya Mji wa Kale ukiwa mgonjwa wa sukari uone jinsi sahani yako inavyokuwa mali ya umma. Ukichukua biriani, macho. Usipochukua, wenye shughuli wanaumia. Siku moja nilimsikia mwanamke nisiyemjua akimweleza mwenzake, nyuma ya mgongo wangu hasa, "Huyo yuwala usiku. Hukondi hivyo bure." Nilicheka, lakini nilivyokaa niliwaza kwamba yule mama alikuwa amesema kwa uwazi yale yale ambayo kliniki ilikuwa ikiyaandika kwa lugha ya adabu: mgonjwa hafuati masharti.

Maneno hayo yalikuwa yameandikwa mara nyingi. Kila ukurasa ulianza kwa kunakili ukurasa uliotangulia: kisukari aina ya 2, sukari haijadhibitiwa, mgonjwa ameshauriwa kuhusu chakula, dawa ziongezwe. Daktari akibadilika, anayekuja hufungua ukurasa wa mwisho, anasoma mstari wa juu, anaendelea. Sioni ajabu. Nje kuna benchi zima la watu wanaosubiri.

Ramadhani ya mwaka 2019 iliingia mwezi wa Mei, kusi imeanza, mvua zinapiga. Kliniki waliniambia saumu itanisaidia, maana mwenye sukari hafai kula ovyo mchana. Nikafunga. Katika kumi la pili nikaanza kutapika. Tumbo likauma kama linakatwa, na nilihema kwa kina, pumzi ndefu ndefu, ijapokuwa nilikuwa nimelala tu. Nyumbani walidhani malaria, kisha wakadhani mimba; mamangu aliinusa pumzi yangu akasema inanuka maembe yaliyoiva hadi kuanza kuchacha. Alikuwa ameinusa ketoni, ila hakuna aliyemfundisha jina hilo. Mwili usipopata insulini hauwezi kuitia sukari ndani ya chembe zake, hata damu ikiwa imejaa sukari tele. Huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na masalia ya moto huo ni tindikali inayoichafua damu. Ile pumzi ndefu ni mwili unajaribu kuitoa tindikali kwa mapafu. Mtu huweza kufa kwa saa chache.

Gari haliingii katika kichochoro chetu. Walinitoa kwa kiti, ndugu wa mume wangu wawili wamekishika huku na huku, hadi Ndia Kuu, wakanipakia tuktuk. Hospitalini mashine ya kidole haikutoa namba. Iliandika herufi mbili za Kiingereza zenye maana kwamba sukari imepita kiasi inachoweza kuhesabu, nacho ni kitu cha 33. Nikawekewa maji ya mshipa na insulini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikalala bila kiu.

Asubuhi yake alikuja daktari wa zamu, binti mdogo kuliko mimi, kanzu nyeupe imemzidi mabega. Aliomba daftari. Nikamwona anafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: hakufungua ukurasa wa mwisho. Alianza ukurasa wa kwanza, akaenda mbele, na kila ukurasa aliweka kidole kwenye kona ya juu, pale wauguzi walipokuwa wakiandika uzito wangu kabla sijaingia kwa daktari. 56. 54. 53. 50. 48. 45. Wauguzi hawakuwa wamekosea hata mara moja. Walinipandisha kwenye mizani kila nilipokwenda, wakaandika kwa uaminifu, na namba zile zikabaki pale kwenye kona bila mtu kuzisoma kwa mfululizo.

"Dada," aliniuliza, "umewahi kuwa mnene maishani mwako?"

Nikamwambia hata siku ya harusi yangu walinitia mto.

Alicheka, kisha akauliza jambo ambalo sikuona linahusiana vipi. Kwetu kuna mtu mwenye rovu, au aliyefanyiwa operesheni ya shingo? Yuko, shangazi yangu wa Kuze. Kuna mtu mwenye mabaka meupe ya ngozi? Nyanya yangu mzaa baba, mikono yote miwili. Akaandika. Baadaye nilisoma kwamba huko Australia, mwaka 2006, watafiti walipendekeza daktari aangalie dalili tano kwa mtu mzima anayeambiwa ana sukari ya aina ya pili: je, ugonjwa ulianza kabla ya miaka 50, ulikuja kwa kishindo cha kiu na kukonda, mtu si mnene, mwenyewe ana ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kujishambulia, au ndugu zake wanao? Zikiwa mbili au zaidi, apimwe. Mimi nilikuwa nazo nne, na hakuna hata moja inayohitaji maabara. Zinahitaji maswali tu.

Damu yangu ilipelekwa Nairobi kwa vipimo viwili. Kimoja kilitafuta kingamwili za GAD, ambazo ni ushahidi kwamba kinga ya mwili imeligeukia kongosho. Cha pili kilipima si-peptaidi, kitu kinachotoka pamoja na insulini ya mtu mwenyewe, hivyo hukuonyesha kongosho lake bado linatengeneza kiasi gani. Kingamwili zilikuwepo, tele. Si-peptaidi ilikuwa karibu na sifuri. Yaani sikuwa na sukari ya kula. Askari wa mwili wangu walikuwa wameziua taratibu zile chembe zinazotengeneza insulini, na walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani zile ninaulizwa nala nini.

Ni ugonjwa ule ule wa aina ya kwanza, ila kwa watu wazima huja polepole. Kwa mtoto chembe zinaweza kuisha kwa majuma. Kwa mtu wa miaka thelathini na kuendelea zinaweza kuchukua miaka, na katika miaka hiyo vidonge hufanya kazi kiasi cha kumridhisha kila mtu. Ni hapo unapojificha. Mwaka 1974 huko London, Gian Franco Bottazzo na wenzake walizigundua kingamwili zinazoshambulia kongosho. Mwaka 1993 Tiinamaija Tuomi wa Finland, Paul Zimmet wa Australia na wenzao walizitafuta katika damu ya watu wazima walioambiwa wana aina ya pili, wakazikuta. Na hali hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa LADA. Uingereza, katika utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 3,600 wapya waliohesabiwa kuwa wa aina ya pili, mtu mmoja katika kila kumi alikuwa na kingamwili za GAD, na miongoni mwa waliokuwa na umri wa miaka 25 hadi 34 walikuwa nazo mmoja katika kila watatu. Hizo ni hesabu za Uingereza za mwaka 1997, wala sizibandiki Mombasa. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha umri peke yake ni shahidi dhaifu.

Uingereza yenyewe ilikuja kulishuhudia hili kwa mtu mkubwa. Novemba 2012 Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, aliambiwa ana sukari ya aina ya pili. Alikuwa na miaka 56. Akapewa vidonge, vidonge havikufaa, na mwaka uliofuata akaambiwa ni aina ya kwanza, akaanza sindano. Agosti 2018 alikuja Nairobi akiwa Waziri Mkuu. Siku hiyo mimi nilikuwa Mombasa nikimeza kwa bidii dawa ambazo yeye alikuwa amezipa kisogo miaka mitano nyuma. Simwonei wivu kwa cheo, lakini kwa maabara, naam.

Ninayoipenda zaidi ni karatasi ya karibu nasi. Muhimbili, Dar es Salaam, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 kati ya 1981 na 1987. Walipoandika matokeo mwaka 1990, wagonjwa 825 waliwekwa katika kundi lisilohitaji insulini, 272 katika kundi linaloihitaji, na 153 wakawekwa katika kundi la tatu: aina isiyo na hakika. Wangeweza kuwagawa wale 153 huku na huku na jedwali likapendeza. Hawakufanya hivyo. Miaka mingi baadaye, na vipimo vikiwa vimeongezeka, mimi nilikuta kliniki zenye safu mbili tu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mpangilio wake wa mwaka 2019, limeweka mahali maalumu pa sukari inayochanganya sifa za huku na huku, na kundi jingine la zile ambazo bado hazijapangwa. Daftari langu halikuwa na nafasi ya mashaka.

Basi nikaanza insulini, na maisha ya insulini katika nyumba ya Mji wa Kale yana habari zake. Chupa ya kwanza aliihifadhi mamangu. Aliambiwa dawa hii inataka baridi, akaitia ndani kabisa ya friza, kando ya barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa madrasa, ili ikae vizuri zaidi. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Alipojua alilia kuliko nilivyolia mimi, kwa kuwa alijua bei yake. Miradi ya insulini ya bure iliyoko nchini imewalenga watoto na vijana; mtu anayepata aina ya kwanza akiwa na miaka 37 ana ugonjwa wa watoto na bili ya watu wazima.

Sasa chupa ambayo haijafunguliwa hukaa katikati ya friji, na inayotumika hukaa chumba cha chini, ndani ya mtungi mdogo uliowekwa ndani ya mwengine wenye mchanga uliolowa. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, chumba kile hakipati jua, na hata Machi, kaskazi inapolegea na joto kuwatoa watu ndani, dawa inabaki salama. Stima ikikatika sina wasiwasi. Hii si busara ya kale niliyoirithi, nilielekezwa na muuguzi wa kliniki ya sukari, na mtungi nilinunua.

Kilichobadilika ghafla ni sahani. Daktari yule binti aliniambia maneno ambayo sikuyaamini: "Kula. Una kilo 45. Kula, halafu tujifunze sindano inayolingana na ulichokula." Hamri moja ni kiasi fulani cha wanga, mbaazi kiasi fulani, kikombe cha wali wa nazi kiasi kikubwa zaidi. Nikajifunza hesabu hizo kwa raha ya karani. Nilipata kilo sita kabla ya mwaka kuisha, na majirani walioninong'ona wakaanza kunisifu kwamba sasa nafuata masharti, ilhali wananiona nikila mahamri.

Sukari ikishuka ndiyo kazi. Vidonge vya zamani havikuwahi kunishusha hivyo mwishoni, lakini insulini huweza kukuacha unatetemeka katikati ya Marikiti, jasho linatoka, maneno hayaji. Hapo unataka sukari ya haraka. Mji wenyewe umejaa tiba: yule wa juisi ya miwa na mashine yake ya kusokota yuko kila kona. Halwa haifai, nimeijaribu. Samli yake huichelewesha sukari. Siku moja niliinamia glasi ya miwa kwa mikono inayotikisika, na nikamwona yule mama wa harusini, yule wa "yuwala usiku," amesimama kando na kikapu chake. Aliniangalia nikimaliza glasi ya kwanza na kuomba ya pili. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa amepata ushahidi wake wa mwisho, na sikuwa na nguvu za kumweleza.

Ramadhani nimeiacha. Daktari na sheikh walikubaliana kabla sijamaliza kuwauliza. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Baqara, na mtu ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Katika karatasi hilo ni jambo jepesi. Katika nyumba yenye watu tisa ambamo hakuna anayekula mpaka adhana ya magharibi, si jepesi. Mchana hula chumba cha chini, mlango nimeurudisha, si kwa kuona haya kwa Mungu bali kwa watoto wa shemeji yangu, ambao hawaelewi kwa nini shangazi mzima asiyetapika hafungi. Mwaka wa kwanza nilikula nimesimama. Sasa nakaa. Kufuturu nafuturu nao, na sindano yangu huichoma mezani, kaimati zikipita.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliowachunguza vijana karibu 900 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini ambao wote waliitwa wagonjwa wa aina ya kwanza. Takriban watu 65 katika kila 100 hawakuwa na kingamwili zozote. Yaani kwao kosa, kama ni kosa, linaweza kuwa limekwenda upande wa pili: wana sukari ya namna ambayo bado haijafahamika vyema, na huenda baadhi yao wanachomwa sindano ambazo hawakuzihitaji, au wanazihitaji kwa sababu nyingine. Nilipousoma nilitamani kuwapelekea Muhimbili ya mwaka 1990 na safu yao ya watu 153.

Utafiti huo nilimtumia pia binamu yangu aliyeko Muscat. Wazazi wake waliondoka Zanzibar baada ya 1964. Yeye amezaliwa kule, lakini Kiswahili chake kimebaki kile cha barazani. Ana miaka 42, mwembamba, na aliniambia kwa simu kwamba amepatikana na sukari, daktari kasema aina ya pili, anameza metformini. Nilimshika. Nilimtaka anipe uzito wake wa miaka mitatu, nikamuuliza habari za rovu na mabaka, nikamwambia asitoke kwa daktari bila kuomba kingamwili za GAD na si-peptaidi. Alikwenda, kwa kuniogopa zaidi kuliko kwa kuamini. Uzito wake haukuwa umeshuka hata kilo. Kwa upande wa mamake hakuna ugonjwa wa kinga, ila baba yake na ami zake wote wana sukari ya uzeeni.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Kingamwili hakuna. Si-peptaidi juu, kongosho linatengeneza insulini kwa nguvu zote, mwili tu hauisikii. Ni aina ya pili safi, ya mtu mwembamba, jambo ambalo katika watu wetu na watu wa Bara Hindi halina ajabu. Aliniandikia: "Dada, daktari wangu alikuwa sawa tangu mwanzo, nawe umenilipisha riyali za bure."

Nikamjibu kwamba si bure, sasa anajua. Akauliza kama basi aweza kula halwa. Nikamwambia hapana, yeye ndiye haswa asiyeweza.